Tunaushitaki mzizi, usaha unatoroka

Kwa miaka mingi video zilizozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp zilikuwa na ujumbe mmoja: ukitibu mzizi wa jino badala ya kuling'oa, unafuga sumu mdomoni, na sumu hiyo ndiyo itakayokuletea saratani, ugonjwa wa moyo na kila maradhi yasiyojulikana chanzo. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2025, watafiti wa King's College London wakachapisha matokeo yao. Wagonjwa 65 walitibiwa mizizi ya meno iliyokuwa na maambukizi, wakafuatiliwa kwa miaka miwili, na vipimo vya damu vikaonyesha sukari ikishuka, na mafuta kwenye damu nayo yakikaa vizuri zaidi kwa muda baada ya matibabu. Wiki haikupita, video mpya zikaanza. Safari hii mzizi ni dawa. Shangazi yangu, ambaye kwa miaka mitatu alikataa kutibiwa gego lake kwa kuogopa saratani, alinipigia simu jioni: "Mwanangu, kwa hiyo nikilitibu hili jino, hivi vidonge vya sukari naviacha?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Swali lake limebeba kosa lile lile la zamani, ila limegeuzwa kinyume. Waliosema mzizi unaua na wanaosema mzizi unaponya wote wanabishania jina la huduma ya kliniki, huku mtuhumiwa halisi akiwa ni maambukizi yaliyojificha kwenye ncha ya mzizi. Yakibaki pale mwili unayalipia, iwe jino halijaguswa kabisa, limetibiwa ovyo, au limetulizwa kwa vidonge vya duka la dawa. Yakiondoka mwili unapata nafuu, yawe yameondolewa kwa kusafisha mzizi au kwa koleo. Utafiti wa London unagusa hilo, na hilo ndilo lililopotea njiani lilipogeuzwa kuwa video ya sekunde 40.

Tuanze na jino lenyewe. Ndani ya kila jino kuna uwazi mwembamba wenye mishipa ya damu na ya fahamu, ambao madaktari wanauita kiini. Tundu la kuoza likifika hapo, bakteria wanaingia na kiini kinavimba mahali pasipo na nafasi ya kuvimba. Ndiyo yale maumivu ya usiku yanayomfanya mtu mzima azunguke sebuleni saa nane ameshika shavu. Baada ya siku kadhaa maumivu hukatika ghafla, mtu akamshukuru Mungu, kumbe mshipa umekufa. Tangu siku hiyo damu haiingii tena humo, kwa hiyo askari wa mwili hawaingii, na hata amoksilini unayomeza haifiki, maana dawa husafiri kwa damu. Bakteria wasiohitaji hewa hufanya maskani, na uchafu wao huchuruzika kupitia kitundu cha ncha ya mzizi hadi kwenye mfupa wa taya. Mfupa nao hurudi nyuma. Kwenye picha ya eksirei utaona kivuli cheusi cha duara kwenye ncha, kidogo kama punje ya choroko. Mtu anaweza kuishi na punje hiyo miaka mingi bila kusikia chochote, na akikuambia jino lake lilishapona mwenyewe, ndicho anachokiamini.

Kutibu mzizi, au kuua mshipa kama wengine wanavyosema, ni kuingia kwenye chumba hicho na kukifagia. Daktari anapiga ganzi, anatandaza kitambaa cha mpira kuzunguka jino ili mate yasiingie, anatoboa, kisha kwa visindano vyembamba vyenye makali anakwangua kuta za mfereji huku akisuuza kwa dawa ambayo, usishtuke, ni ndugu wa Jik unayofulia mashuka. Mfereji ukikauka unajazwa gatapacha, utomvu wa mti unaoota Asia ya Kusini-Mashariki, pamoja na saruji laini ya kuzibia. Baadhi ya saruji hizo zina yujenoli, kiungo kile kile kinachoipa karafuu ya Pemba harufu yake na ambacho bibi zetu walikitia kwenye pamba jino likiuma. Kwa hiyo anayekwambia matibabu haya ni kemikali za kigeni zilizoletwa kutuangamiza, mwambie anuse sufuria ya pilau.

Hofu yenyewe haikuzaliwa WhatsApp. Mwaka 1910 daktari wa Uingereza, William Hunter, alitoa mhadhara Montreal, Kanada, akiwashambulia madaktari wa meno waliokuwa wakifunika mizizi iliyooza kwa dhahabu. Alikuwa na haki ya kukasirika, kwani wakati huo eksirei ilikuwa bado changa na meno mengi yalikuwa yanafunikwa na usaha wake ndani. Frank Billings wa Chicago aliichukua hoja hiyo akaipanua: maambukizi ya sehemu moja yanaweza kuwa chanzo cha ugonjwa wa sehemu nyingine kabisa. Kisha akaja Weston Price wa Cleveland, daktari wa meno ambaye mwaka 1923 alichapisha kazi yake kubwa. Alikuwa anachukua meno yaliyong'olewa kwa wagonjwa na kuyapandikiza chini ya ngozi ya sungura, na sungura walipougua akasema jino ndilo lililowahamishia ugonjwa wa mwenyewe. Karibu kila video ya leo, ukiifuatilia hadi chanzo, inakupeleka kwa sungura wale.

Matunda ya nadharia hiyo yanatisha. Meno ya Wamarekani yaling'olewa kwa mamilioni, yakiwemo mazima, kutibu baridi yabisi, uchovu na maumivu ya tumbo. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, mkurugenzi wake Henry Cotton aliamini kwamba wazimu unatoka kwenye maambukizi yaliyojificha. Alianza na meno, yasipomaliza kazi akaenda kwenye mafindofindo, kisha kwenye utumbo mpana, na wagonjwa wengi walifia mezani au muda mfupi baadaye. Hakuwa tapeli. Aliamini kiasi cha kung'oa meno ya watoto wake mwenyewe. Nadharia ilianza kuporomoka miaka ya 1930. Watafiti Fish na MacLean walionyesha kuwa jino likitikiswa kwa koleo, bakteria wa kwenye fizi husukumwa ndani, kwa hiyo jino lililokwisha kung'olewa si shahidi wa kuaminika wa kilichokuwemo kabla. Sungura wa Price walikuwa wamepandikizwa shahidi huyo huyo aliyechafuliwa, tena kwa dozi kubwa na bila kundi la kulinganisha linaloeleweka. Mwaka 1938 Russell Cecil, aliyewahi kuwa muumini wa nadharia hiyo, pamoja na mwenzake Angevine, walirejea wagonjwa 200 wa baridi yabisi na hawakuona faida ya kuwang'oa meno na mafindofindo.

Msomaji wa Tanzania au Uganda asiishangae Trenton sana. Sisi tuna ya kwetu. Tangu miaka ya 1980 madaktari wetu wamekuwa wakiandika kuhusu "meno ya plastiki", au nailoni kama wengine wanavyosema. Uganda wanaita ebinyo. Mtoto mchanga anaharisha na ana homa, anafunuliwa fizi, panaonekana weupe wa chonge ambalo halijaota, na mganga analichokonoa bila ganzi, kwa kisu au kwa njiti ya baiskeli. Wapo watoto waliokufa kwa kutoka damu na kwa maambukizi, na baadhi ya waliopona hawakuota chonge za ukubwani. Mantiki ni ile ile ya Cotton, neno kwa neno: ugonjwa wa mwili una chanzo kimoja, chanzo ni jino, ondoa jino. Inavutia kwa sababu jino linaonekana, linashikika, na likitoka unaweza kumwonyesha mzazi kiganjani kwamba adui ndiye huyu. Kuhara kunakotokana na maji machafu hakuna kitu cha kuonyesha kiganjani.

Turudi kwenye hoja za leo, tukianza na iliyo dhaifu kuliko zote, maana ndiyo inayosambaa kuliko zote. Filamu moja ya mwaka 2018, ambayo Netflix iliiondoa mwanzoni mwa 2019 baada ya vyama vya madaktari wa meno na watafiti kulalamika, ilidai kuwa asilimia 98 ya wanawake wenye saratani ya matiti wana jino lililotibiwa mzizi upande ule ule. Hakuna utafiti nyuma ya takwimu hiyo. Na hata ingekuwa kweli, isingethibitisha kitu bila kujua ni wangapi kati ya wanawake wasio na saratani wana jino kama hilo. Katika nchi ambako mizizi inatibiwa kwa mamilioni kila mwaka, utaikuta kwa wagonjwa wa kila ugonjwa. Ukiwahoji wenye saratani ya matiti Dar es Salaam, karibu wote watakuambia wamekula ugali. Mwaka 2013 jarida moja la Marekani lilichapisha utafiti kuhusu saratani za kichwa na shingo, na waliokuwa wametibiwa mizizi kadhaa walionekana kuwa na hatari pungufu kwa asilimia 45. Sitaitumia namba hiyo kudai kwamba mzizi unakinga saratani. Pengine inasema tu kwamba anayeweza kulipia matibabu ya mzizi anaweza kulipia mengi mengine. Ila anayeshikilia asilimia 98 ya hewani hana budi kuieleza 45 iliyochapishwa.

Ipo hoja ya pili yenye uzito kidogo: huwezi kuacha kiungo kilichokufa mwilini. Kidole kikioza hukatwa, kwa nini jino liachwe? Inasikika vizuri kwenye baraza la kahawa. Lakini jino halining'inii kwenye kiini chake. Limeshikwa na nyuzi zinazounganisha mzizi na mfupa, na nyuzi hizo zinapata damu yao kutoka nje. Kiini ndicho kinacholijenga jino utotoni. Jino likishakomaa linaweza kuishi bila hicho, likatafuna na kuhisi mgandamizo wa mfupa wa samaki kama majirani zake. Kidole kilichooza hakina tegemeo kama hilo.

Hoja ya tatu ndiyo ya kuheshimiwa, na watetezi wa matibabu haya huikwepa. Wapinzani wanasema mzizi hauwezi kusafishwa ukatakata. Ni kweli. Kuta za mfereji zimejaa vijitundu vidogo sana ambavyo hakuna kisindano kitakachoviingia, na baadhi ya bakteria hubaki humo. Lengo la daktari ni kuwapunguza, kuwakatia chakula na kuwazika ndani wasitoke. Kazi ikifanywa vizuri, meno mengi hupona; viwango vinavyotajwa kwenye tafiti za kliniki nzuri ni kati ya asilimia 80 na 90 na zaidi. Shida ni pale inapofanywa vibaya. Mapitio ya tafiti za nchi nyingi yaliyochapishwa mwaka 2021 yalikadiria kwamba karibu asilimia 39 ya meno yaliyotibiwa mzizi yana dalili za ugonjwa kwenye ncha. Baadhi ya vivuli hivyo ni vya meno yanayoendelea kupona, kwa sababu picha moja haisemi kama punje inakua au inapungua. Hata ukitoa hao, wanabaki wengi mno kwa mtu yeyote kusimama na kusema "ni salama kabisa" bila kuuliza nani alifanya, kwa kitambaa cha mpira au bila, na kama mfereji ulijazwa hadi mwisho au uliishia katikati ya njia. Nimewahi kushikilia picha ya jino la rafiki yangu mbele ya taa: mizizi mitatu, miwili imejazwa kwa mstari mweupe ulionyooka, wa tatu mweusi tii kana kwamba hakuna aliyejua kuwa upo. Alikuwa amelipa fedha yote. Mtu kama huyo akikutana na video ya saratani, ataiamini kwa haki yake.

Ndipo ninapoirudia ile ya London, kwa sababu imebebeshwa mzigo usio wake. Wagonjwa 65 ni wachache. Walilinganishwa na wao wenyewe, kabla na baada, hakukuwa na kundi la pembeni ambalo halikutibiwa. Ndani ya miaka miwili mtu anaweza kubadili chakula, kuanza mazoezi au kuongezewa dawa, na maadili hayaruhusu kumwacha mtu na usaha miaka miwili ili tumlinganishe. Kwa hiyo utafiti unaashiria, hauthibitishi. Kinachonifanya niuchukulie kwa uzito ni kwamba unakaa kwenye mstari mmoja na ushahidi mzito zaidi kutoka kwenye fizi. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yaliyokusanya majaribio 35, yalionyesha kuwa kutibu ugonjwa wa fizi kwa wenye kisukari kunashusha kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwa wastani wa pointi 0.43 za asilimia baada ya miezi mitatu au minne. Hiyo si ndogo. Inakaribia kazi ya kuongezewa kidonge cha pili. Sababu inaeleweka: mwili unaopigana vita ya chini kwa chini kila siku unafanya insulini ishindwe kazi yake. Usaha wa fizi na usaha wa mzizi ni vita ya aina moja. Kwa hiyo shangazi, jibu ni hapana, vidonge usiviache. Lakini jino nalo usiliache.

Hapa wapinzani watasema: sawa, kama tatizo ni usaha, si tung'oe yaishe? Kung'oa ni tiba halali, na jino lililobaki gamba lisiloweza kushika kifuniko linapaswa kutoka. Ila koleo silo jambo safi kama wanavyodhani wanaoogopa vijidudu kuingia kwenye damu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 uliopima damu za watu 290 ulikuta bakteria za mdomoni kwa asilimia 23 ya waliopiga mswaki tu, na kwa asilimia 60 ya waliong'olewa jino bila kinga ya dawa. Waliopewa amoksilini kwanza walikuwa asilimia 33. Kwa mtu mwenye vali nzuri za moyo, mwili huwafagia bakteria hao haraka. Kwa yule aliyeharibiwa vali na homa ya baridi yabisi utotoni, na kwetu wapo wengi, kila jino bovu ni jambo la kumwambia daktari wa moyo. Ndiyo maana anayesubiri upasuaji wa vali hupelekwa kwanza akaguliwe mdomo. Na pengo nalo lina gharama: jirani huegemea, la juu hushuka, upande mmoja wa kutafunia unakufa, na mwenye kisukari anayeambiwa ale mboga na karanga anarudi kwenye uji na mkate laini, vile vile vinavyompandisha sukari.

Lakini mjadala wote huu una harufu ya anasa kwa mtu wa Sumbawanga au Kitui. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022, kanda ya Afrika ilikuwa na daktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia, huku watu karibu bilioni 3.5 duniani wakiwa na maradhi ya kinywa. Kwa wengi wetu chaguo halijawahi kuwa kati ya mzizi na koleo. Ni kati ya koleo na kidonge. Muuza duka la dawa anakata vipande vinne vya amoksilini na viwili vya diklofenaki, uvimbe unashuka, mtu anarudi shambani, na baada ya miezi miwili anarudi dukani. Video za saratani zinamwambia mtu huyo kwamba kuahirisha ni busara. Video za sukari zinamuahidi muujiza ambao asipouona atasema alidanganywa, na safari ijayo hatakwenda kabisa.

Ningekuwa na sauti kwa wanaopanga vifurushi vya bima ya afya, ningeanzia hapo. Jino linalotibiwa likiwa bado ni tundu dogo linazibwa kwa muda mfupi na fedha kidogo. Likishafika kwenye mfereji linahitaji saa nzima au mbili, mara nyingi zaidi ya ziara moja, na kifuniko juu yake, la sivyo litapasuka siku moja kwenye mfupa wa kuku. Bima inayogharamia kung'oa na kuacha kuziba inalipa mwisho wa ugonjwa na kukataa kulipa mwanzo wake. Na kama inalipia mzizi, idai picha ya kabla, ya baada, na ya mwaka mmoja mbele. Punje ya choroko ikipungua, kazi imefanyika. Isipopungua, mgonjwa ana haki ya kuambiwa, na jino lina haki ya kurudiwa au kutolewa.

Shangazi alikwenda hatimaye, baada ya mabishano ya wiki mbili. Siku hiyo alinionyesha kadi yake ya kliniki ya kisukari, imechakaa kwenye mikunjo, ameitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha taifa. Mistari ya sukari, shinikizo la damu, uzito. Sehemu ya macho imejazwa. Sehemu ya miguu imejazwa kila mwaka, na kuna mwaka muuguzi amechora hadi kidonda cha kidole gumba. Miaka tisa ya kadi, na hakuna mahali alipoandikiwa kwamba kuna mtu alimwambia afungue mdomo.